Mafunzo ya Madereva Wapya wa Malori, Mandela Road

Nililipia mafunzo ya wiki 2 katika chuo kimoja kilichopo kando ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, nikikusudia kuanza safari za Zambia na Kongo. Somo la kushuka mlima ndilo lililostahili ada yote: mwalimu, aliyewahi kuendesha semi (lori la kuvuta tela) miaka mingi, alitueleza kwa nini Kitonga, mteremko mkali wa Iringa, hushukwa kwa gia nzito (ya chini) na breki ya injini, kwa kuwa breki za miguu zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kukosa nguvu, huku tela lililobeba shehena likizidi kukusukuma. Kurudi nyuma na tela kulinitoa jasho, nami bado sijaiva. Kuhusu mizani ya kupimia malori barabarani, kama ile ya Vigwaza, tulifundishwa kwamba uzito hupimwa kwa ekseli pia, si jumla pekee.

Kilichonisikitisha ni ukimya kuhusu nyaraka na foleni ya Tunduma, mpakani na Zambia, ambako dereva mgeni huweza kulala siku kadhaa huku posho ikimwishia. Kadi ya homa ya manjano nilikumbushwa na utingo, si chuo.