Flisi ya kuwindia kwenye baridi: tazama jasho kwanza, joto baadaye

Mwindaji anayetetemeka saa mbili asubuhi kwenye maoteo yake, mahali anapomvizia mnyama, mara nyingi baridi hiyo aliitafuta mwenyewe tangu saa kumi na moja alfajiri, alipokuwa akipanda mlima na mkoba mgongoni huku zipu imefungwa hadi kidevuni. Jasho lilikosa pa kutokea, likalala kwenye nguo. Alipokaa, likaanza kumnyonya joto, kwa kuwa maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana flisi, nguo ya poliesta yenye manyoya inayovaliwa kati ya fulana ya ndani na koti la nje, tunaipima kwanza kwa wepesi wake wa kuachia jasho. Joto la kukalia utalipata kwenye koti nene lililofungwa juu ya mkoba.

Flisi ya kawaida, ile yenye manyoya laini pande zote mbili, hutajwa kwa namba 100, 200 au 300. Namba hizo zinakaribiana na uzito wa kitambaa kwa gramu katika mita ya mraba, na desturi hiyo imetokana na Malden Mills, kiwanda cha Massachusetts, Marekani, kilichotoa flisi mwaka 1979 na ambacho baadaye kilichukua jina la Polartec. Ya 100 inamfaa anayetembea muda wote. Ya 200 ni ya mwindaji anayetembea kidogo na kukaa sana. Ya 300 ndiyo inayowavutia wengi dukani kwa sababu inajaa mkononi, nasi tunaikataa kama tabaka la kati: inajaza nusu ya mkoba, inabana makwapa chini ya koti, na ikilowa inachelewa kukauka. Uzi wa poliesta wenyewe hunywa maji chini ya asilimia 1 ya uzito wake, lakini maji hukaa katikati ya nyuzi, na flisi nene ina nafasi nyingi za kuyahifadhi.

Chaguo letu kwa uwindaji mwingi ni flisi ya miraba. Igeuze ndani nje uitazame kwa karibu: utaona vijiraba vya manyoya vimepangwa safu kwa safu, na kati yao mifereji isiyo na manyoya kabisa. Vijiraba vinagusa fulana ya ndani na kufyonza unyevu, mifereji inaupitisha mvuke, na mahali pa mfereji kitambaa ni chembamba hata ukikiinua dirishani mwanga unapenya. Ukivaa koti juu yake, mifereji hiyo hiyo inashika hewa tulivu na nguo inapata joto kubwa kuliko uzito wake unavyoonyesha. Polartec Power Grid ndiyo inayojulikana zaidi, na viwanda vingine vinafuma vitambaa vya namna hiyo. Flisi ya miraba yenye kofia, saizi ya kati ya kiume, kwa kawaida huwa kati ya gramu 300 na 400. Kasoro yake uijue mapema: ukifika kwenye ukingo wa mlima bila koti la upepo, upepo unaingia kama umevaa wavu. Hiyo ni gharama ya nguo kupumua, yaani kuachia mvuke, na koti jepesi la nailoni linaimaliza.

Ipo pia flisi ya manyoya wazi isiyo na kitambaa cha kufunika, mfano Polartec Alpha Direct, inayotoka katika uzito wa gramu 60, 90 na 120 kwa mita ya mraba. Jamii hii ya vitambaa ilianza kwa ajili ya vikosi maalumu vya jeshi la Marekani, vilivyotaka nguo ya joto isiyolazimu kuvuliwa kila wanapoanza kwenda. Kwa kutoa jasho hakuna inayoifikia, na vazi zima la gramu 90 linaweza kuwa na uzito chini ya gramu 200. Lakini porini ina maadui wengi. Mbegu zenye vishikizo hunasa ndani ya manyoya na kuzitoa ni kazi ya jioni nzima, tawi kavu linachomoa nyuzi, na mikanda ya mkoba huyalaza manyoya mabegani hadi yanakuwa bapa. Inunue kama unawinda milima iliyo wazi na utaivaa daima chini ya koti jembamba. Anayepita vichaka vya miiba aiache.

Flisi yenye utando wa kuzuia upepo katikati tunaiondoa kwenye orodha hii moja kwa moja. Kama koti la nje ni nzuri. Ikiwa katikati, inafanya kazi ambayo koti la nje linaifanya tayari, inafunga mvuke ndani, na nyingi hutoa mchakacho unapokunja mkono.

Dukani usitegemee lebo. Neno la kupumua limeandikwa kwenye kila nguo. Bandika mdomo kwenye kitambaa, weka kiganja nyuma yake umbali wa sentimita tano, upulize kwa nguvu. Kwenye flisi ya miraba utasikia pumzi ya joto kiganjani. Kwenye yenye utando hutasikia kitu, na mashavu yatakuvimba. Kisha kikwaruze kwa ukucha karibu na sikio. Uso laini uliofumwa kwa kukazwa unadumu zaidi lakini hutoa mlio mdogo unapogusana na matawi, ilhali uso wenye manyoya unanyamaza. Anayewinda kwa upinde, ambaye lazima amkaribie mnyama sana, achukue ukimya. Wa bunduki anaweza kuchukua uimara.

Ijaribu ukiwa umevaa fulana ya ndani utakayowindia, na koti la nje juu yake. Inua mikono yote juu: pindo la nyuma likitoka kiunoni, iache, maana kila ukiinama upepo utaingia hapo. Vuta upinde wa hewani, au elekeza mikono kama mwenye bunduki, uangalie kitako cha bunduki kitatua wapi. Mshono mnene au mfuko wa zipu mahali hapo vitakusumbua kwa kila risasi, na ndiyo sababu tunapenda mkono ulioshonwa kwa mshono wa mshazari kutoka kwapani hadi kwenye kola. Kwa mpiga mshale, mkono wa nguo usining'inie, kwani kamba ya upinde itaukamata. Mifuko ya pembeni hufunikwa na mkanda wa kiunoni wa mkoba, hivyo usiilipie. Mfuko mmoja wa kifuani unatosha, mradi usigongane na kibebeo cha darubini.

Zipu ndiyo dirisha la nguo hii. Zipu nusu inayoshuka hadi chini ya mbavu inatoa joto jingi na haifanyi uvimbe tumboni chini ya mkanda. Zipu nzima inafaa kwa anayevua na kuvaa mara nyingi. Fupi ya sentimita 15 haisaidii chochote. Kofia iliyoshonewa humo, iwe nyembamba ya kubana kichwa, tunaipendekeza bila kusita: ukiivaa unapata joto la shingo papo hapo, ukiivua unalitoa, bila kufungua mkoba.

Kuhusu rangi, kulungu hawaoni wekundu vizuri lakini bluu wanaiona sana, kwa hiyo flisi ya bluu iache nyumbani hata kama unadhani koti litaifunika. Sabuni nyingi za unga nazo zina dawa ya kung'arisha nguo, inayoifanya iwake kwa mwanga wa bluu. Tumia sabuni isiyo na dawa hiyo wala manukato. Fua kwa maji ya nyuzi joto 30, nguo imegeuzwa na zipu imefungwa, kisha anika kivulini. Kilainishi cha nguo kisiiguse kamwe: hupaka nyuzi mafuta, na unyevu uliokuwa ukisambaa unabaki umetuama sehemu moja. Poliesta hushika harufu ya mwili kuliko sufu, basi fulana ya ndani ya sufu ya merino inaipunguzia kazi. Ya pamba inaharibu mpango mzima, kwa kuwa jasho halivuki pamba kufika kwenye flisi.

Namna ya kuivaa ina uzito sawa na kuichagua. Anza safari ukisikia baridi kidogo. Ikiwa baridi iko karibu na nyuzi 0, fulana ya ndani na flisi ya miraba zinatosha kupandia, na koti la nje likae mkobani hadi upepo uanze. Kabla ya kufika kwenye maoteo, simama kama dakika kumi, fungua zipu, vua mkoba, uache mgongo utoe mvuke. Ndipo uvae koti nene juu ya flisi, wakati mwili bado una joto la kusukuma unyevu uliobaki.

Ukivua koti la nje penye baridi kali ukakuta unga mweupe wa barafu juu ya flisi, usiilaumu flisi. Imetoa jasho hadi uso wake wa nje, na koti ndilo lililolizuia likagandia hapo. Pangusa barafu kabla haijayeyuka, na safari ijayo tembea bila koti hilo au fungua zipu zake za makwapani. Ukikuta flisi imelowa upande wa ndani tu, hasa kati ya mabega, hapo ni mkoba: mgongo uliobanwa haupumui katika kitambaa chochote, na dawa ni kuwa na fulana ya pili kavu ya kubadilisha.

Moto wa kambini uuogope. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi, na cheche moja inaacha tundu lenye ukingo mgumu unaokwaruza ngozi. Kata ukingo huo kwa mkasi mdogo na uzibe kwa kiraka upande wa ndani kabla ya kufua, kwa sababu mashine hulipanua.