Mabasi ya Granada: usimkabidhi dereva saa yako ya kuingia Alhambra

Nyota mbili. Nilianza na moja, na huenda kabla sijamaliza kuandika nikabadili tena, kwa sababu usafiri wa Granada, mji wa kusini mwa Hispania, umenipa hasira na furaha katika siku zile zile.

Nianze na hasira. Asubuhi moja ya kiangazi, kituo cha Plaza Isabel la Católica, pale penye sanamu ya Malkia Isabel na Columbus, tulikuwa watu kama kumi na watano tukingoja kibasi cha kupanda Alhambra, ile ngome ya kale yenye majumba ya kifalme juu ya kilima. Kikaja, mlango ukafunguka, wakaingia wanne. Wa tano alikuwa bibi mzee mwenye mkongojo, ameshashika bomba la mlangoni. Dereva akapunga mkono kama anayefukuza kuku kwenye mtama, akatamka neno moja, "Completo", yaani limejaa, akafunga. Hakumtazama yule bibi usoni. Hakusema linalofuata linakuja lini wala njia nyingine ni ipi. Akaondoka.

Asiyejua tiketi za Alhambra ataona ni jambo dogo, basi moja limekupita, ngoja jingine. Sivyo. Tiketi ile ina saa iliyoandikwa, na saa hiyo si ya kufika langoni, ni ya kuingia kwenye majumba ya wafalme wa Kinasri, watawala wa Kiislamu wa zamani, ambayo vibao vyote huyaita Palacios Nazaríes. Unapewa nusu saa tu. Ikiandikwa 10:30, maana yake ni kuanzia saa nne na nusu hadi saa tano asubuhi. Ukichelewa hapo, mlinzi anakurudisha. Bustani utaziona, ngome utaipanda, lakini ua wa simba na zile kuta zilizoandikwa kwa Kiarabu kuanzia usawa wa bega hadi darini hutaziona, na tiketi za siku hizo za joto huwa zimeisha siku nyingi kabla. Kwa hiyo dakika kumi na tano za kituoni zinaweza kukugharimu safari nzima.

Tiba yake ipo, na ningependa kila msomaji aijue kabla hajaweka mguu kituoni. Kutoka Plaza Nueva, ambayo iko hatua chache tu kutoka kwenye ile sanamu, panda kwa miguu barabara iitwayo Cuesta de Gomérez. Ni kali lakini fupi. Utapita chini ya tao la mawe, Puerta de las Granadas, na baada ya hapo barabara inagawanyika kuwa njia tatu ndani ya msitu. Shika ya kushoto, ndiyo yenye mwinuko mkali kuliko zote. Maji yanatiririka kwenye mifereji ya pembeni na miti inakupa kivuli, kwa hiyo hata joto linapungua. Ukiona chemchemi kubwa ya mawe ukutani, ile ya mfalme Carlos V, geuka: lango la Puerta de la Justicia liko juu yake, na mkono uliochongwa juu ya tao lake la nje. Kwa mtu mzima mwenye magoti mazima ni dakika 15 hadi 20. Mwenye saa ya kuingia asitegemee kitu kingine.

Ukipanda basi hata hivyo, jua kituo cha kushuka. Mabasi ya C30 na C32 yana vituo vya huko juu vinavyowachanganya wageni. Umati hushuka Generalife, upande wa bustani za kifalme, kwa sababu ndipo yalipo madirisha ya tiketi na lango kuu. Kutoka hapo hadi mlango wa majumba ni mwendo mwingine wa karibu robo saa au zaidi, ndani kwa ndani, ukipishana na vikundi vinavyopigwa picha. Kama tiketi unayo tayari kwenye simu, shuka Puerta de la Justicia, ambapo majumba yako karibu sana, ubavuni mwa kasri la Carlos V. Na pasipoti iwe mkononi, ile halisi, maana jina lililo kwenye tiketi hulinganishwa nayo. Nimeshuhudia familia ikirudishwa hotelini kwa sababu ya pasipoti.

Sasa, kwa nini vibasi vinajaa? Hapa hasira yangu inapungua kidogo, na haki niseme. Mabasi haya ni madogo kwa lazima. Mitaa ya kupanda huko haiwezi kupitisha basi refu, kona zake hazigeuki. Halafu tiketi za majumba zimepangwa kwa nusu saa nusu saa, kwa hiyo abiria hawaji kidogo kidogo kama kwenye mitaa ya kawaida, wanakuja kwa mawimbi. Kundi moja la watalii thelathini likifika kituoni, basi mbili zimekwisha. Ongeza mtu mmoja mbele anayelipa kwa noti kubwa huku dereva akihesabu chenji, foleni yote inasimama. Dereva naye haruhusiwi kubeba kupita kiasi. Huku si daladala kwamba kondakta atawaambia mbanane, songeeni nyuma. Kufunga mlango, basi, alikuwa sahihi. Kumpungia bibi wa watu vile hakuwa sahihi, na hakuna kanuni ya uzito wa gari inayomkataza mtu kusema "samahani mama, jingine linakuja nyuma yangu".

Kuhusu nauli sitasema mengi. Unaingia mlango wa mbele, unashuka wa nyuma, na ukitaka kushuka bonyeza kitufe, usipaze sauti. Andaa sarafu na noti ndogo. Noti ya yuro 50 usiitoe kabisa. Mwenye kukaa zaidi ya siku moja achukue kadi ya kuweka salio: kila safari inakuwa nafuu kuliko pesa taslimu, na kubadilisha basi ndani ya muda uliowekwa hakulipiwi tena, lakini ni lazima uguse mashine hata kwenye basi la pili. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kwa kuwa hawalipi hawana haja ya kugusa, wanapita moja kwa moja, na mkaguzi akipanda wanahesabiwa hawana tiketi.

Jambo jingine la kadi: ile ya mabasi ya mjini haifanyi kazi kwenye metro. Kama utatumia vyote viwili, tafuta kadi ya Consorcio de Transporte, ambayo inakubalika kwenye mabasi ya mjini, kwenye metro na kwenye mabasi ya vijiji vya jirani. Sielewi kwa nini jambo hili halijaandikwa kwa herufi kubwa pale stesheni ya treni, mahali wanapofikia wageni wengi.

Metro yenyewe sina ugomvi nayo hata kidogo. Mji huu ulifunga njia zake za tramu mwaka 1974, ile ya kupanda milima ya Sierra Nevada ikiwemo, kisha ukakaa zaidi ya miaka arobaini bila kitu, mpaka Septemba 2017. Sasa kuna njia moja ya karibu kilomita 16 yenye vituo 26, kutoka Albolote kaskazini hadi Armilla kusini, na sehemu kubwa inatembea juu ya ardhi kama tramu. Inafika stesheni ya mabasi ya mikoani na stesheni ya treni, na hilo peke yake linatosha kuisifu. Kwa anayetoka stesheni ya treni na mizigo: panda Estación Ferrocarril upande wa kwenda Armilla, shuka Recogidas, kisha fuata barabara yenye jina hilo hilo kwa miguu hadi Puerta Real, katikati ya mji, kama dakika kumi na ni tambarare. Tiketi unanunua kwenye mashine ya kituoni na unaigusisha kabla ya kupanda. Mlango hautajifungua wenyewe, bonyeza kitufe.

Usitegemee metro ikufikishe mji wa kale. Haifiki Gran Vía, haifiki Alhambra, haifiki Albaicín, ule mtaa wa kale wa mlimani unaotazamana na Alhambra. Lakini shuka japo mara moja kituo cha Alcázar Genil. Walipokuwa wakichimba walikuta kuta za bwawa kubwa la zama za watawala wa Kiislamu, nao wakalihifadhi pale pale ndani ya kituo. Unasubiri treni chini ya ardhi huku umezungukwa na kuta za zaidi ya miaka 700. Msanifu wake, Antonio Jiménez Torrecillas, alifanya kazi ya heshima. Hiki kituo ningekipa nyota tano peke yake.

Na sasa C31, ambayo ndiyo inayonivuruga hukumu yangu.

Hiki ni kibasi kinachoanzia Plaza Nueva, kinafuata mto Darro, kinapanda Cuesta del Chapiz na kuzunguka Albaicín hadi San Nicolás, uwanja wa juu wa kuitazamia Alhambra, kisha kinateremka upande wa pili kurudi mjini. Barabara ya Carrera del Darro ni nyembamba kiasi kwamba watembea kwa miguu hugandisha mgongo ukutani basi lipite. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe Unguja atashangaa kwamba gari lolote linapita humo. Madereva wanapita kwa vidole viwili kila upande, bila honi, bila kelele. Na nilichokiona humo ndicho kinyume kabisa cha Plaza Isabel la Católica: mama mtu mzima mwenye kigari cha sokoni kilichojaa mboga kutoka Plaza Larga, dereva ameinuka kwenye kiti chake, amekibeba kigari, amekiweka mahali pasipoyumba, amengoja mama akae ndipo akaondoa gari. Abiria hakuna aliyenung'unika. Walimjua kwa jina, naye aliwajua.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo wageni hatulifikirii. Kwa wakazi wa Albaicín hili si basi la kutazama mandhari. Ndilo basi la kuwatoa kwenda hospitali na kuwarudisha na unga wa nyumbani, kwenye mlima wa ngazi na kokoto zilizopangwa zinazovunja magurudumu ya sanduku lolote. Jioni, watalii wanapokimbilia San Nicolás kuitazama Alhambra jua likizama, wazee hawa wanaachwa kituoni. Kwa hiyo ombi langu kwa anayesoma ni hili: saa za machweo, kama miguu yako ni mizima, panda Albaicín kwa miguu na umwachie mzee kiti. Sanduku kubwa usiingie nalo kwenye C31 kamwe, chukua teksi, zile nyeupe zenye mstari wa kijani.

Kwa Waislamu wanaotoka kwetu: msikiti wa Granada, uliofunguliwa 2003, uko pembeni kabisa ya San Nicolás, na C31 inakufikisha hapo. Ijumaa panda mapema.

Kwa hiyo nyota ngapi? C31 nne. Metro nne. Vibasi vya Alhambra nilitaka kuviongezea hadi tatu, kwa kuwa tatizo la ukubwa wao linaeleweka. Lakini kila nikiandika namba hiyo namwona yule bibi akibaki amesimama, mkongojo mkononi. Tukamsindikiza hadi egesho la teksi la Plaza Nueva, watu watatu tusiojuana. Alikuwa na tiketi ya saa ile ile. Zibaki mbili.

Tahadhari moja ya kalenda: tarehe 2 Januari, mji unapoadhimisha siku Granada ya Kiislamu iliposalimu amri mwaka 1492, na wiki nzima ya maandamano kabla ya Pasaka, barabara za Reyes Católicos na Gran Vía hufungwa na vituo huhamishwa. Siku hizo usisome ramani ya zamani, soma karatasi iliyobandikwa kituoni au uulize mwenye duka la karibu.

Na kurudi kutoka Alhambra jioni, usigombee basi na umati wa saa ya kufunga. Teremka Cuesta de los Chinos, njia ya miguu inayopita kati ya kuta za ngome na Generalife. Inakutoa Paseo de los Tristes, kando ya mto. Kama unalala Albaicín, C31 inapita hapo ikielekea juu. Ikiwa imebaki na nafasi, nyoosha mkono mapema dereva akuone, maana asipouona mkono hasimami.