Rainmeter kwenye kompyuta ya saiba: saa ya Kiswahili, hesabu ya bando na milango mitatu

Mashine yenyewe ni laptopu ya mtumba iliyotoka Uingereza, RAM 4 GB, skrini ya 1366×768, Windows 10. Inafanya kazi ya saiba hapa Mombasa kutwa kucha: kuprinti, kuskani, picha za pasipoti, fomu za KRA (kodi) na eCitizen (huduma za serikali mtandaoni). Eneokazi lake, au deskitopu kama tuitavyo wengi, hufurika faili za wateja hadi picha ya nyuma haionekani.

Rainmeter ni programu ya bure, ya Windows tu. Kazi yake ni kuchora vitu juu ya eneokazi: saa, mita, maandishi ya kubofya. Kila kimoja huitwa skini, na skini si chochote ila faili ya maandishi inayoishia na .ini. Aikoni haizipangi wala haizigusi. Anayetaka aikoni zake ziwekwe kwenye visanduku, hii siyo.

Wakati wa kuiweka itakuuliza Standard au Portable. Chukua Portable. Standard huziweka skini ndani ya Documents, na kwenye mashine nyingi Documents na Desktop zimeshachukuliwa na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, bila mwenyewe kujua. Hapo kila badiliko dogo linapanda mtandaoni kwa bando lako. Portable inakaa yote ndani ya folda moja, mimi nimeiweka C:\Rainmeter. Usiitie ndani ya Program Files, maana humo programu haina ruhusa ya kuandika mipangilio yake na utaona kila ukiwasha mambo yamerudi nyuma. Faili za .rmskin, yaani skini zilizofungashwa tayari, ukizipakua, zibofye kulia, Open with, kisha ielekeze kwa SkinInstaller.exe iliyo ndani ya folda hiyo.

Sasa saa, ambayo kwangu ndiyo sababu ya kuiweka. Windows haijui kwamba saa nne asubuhi ni saa nne. Rainmeter nayo haijui, lakini inakubali kudanganywa. Saa yetu imepishana na ya Kizungu kwa saa sita, na ukiwa kwenye saa ya mzunguko wa 12, kuongeza sita na kupunguza sita ni mamoja. Sisi tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya rejea ya dunia (UTC), kwa hiyo TimeZone, mstari wa skini unaotaja ukanda wa saa, inaweza kuwa -3 au 9, na zote mbili zitaonyesha saa ileile. Tofauti iko kwenye siku. Ukiandika -3, siku inabadilika saa kumi na mbili asubuhi. Ukiandika 9, inabadilika saa kumi na mbili jioni, karibu na magharibi, kama tunavyohesabu wenyewe: Alhamisi jua likizama, ni usiku wa Ijumaa. Mimi naweka 9.

Tengeneza folda C:\Rainmeter\Skins\SaaKwetu, fungua Notepad, andika hivi:

[Rainmeter]
Update=1000

[Saa]
Measure=Time
TimeZone=9
DaylightSavingTime=0
Format=%#I:%M

[Siku]
Measure=Time
TimeZone=9
DaylightSavingTime=0
Format=%w
Substitute="0":"Jumapili","1":"Jumatatu","2":"Jumanne","3":"Jumatano","4":"Alhamisi","5":"Ijumaa","6":"Jumamosi"

[Onyesha]
Meter=String
MeasureName=Saa
MeasureName2=Siku
Text=Saa %1, %2
FontFace=Segoe UI
FontSize=30
FontColor=255,255,255,255
StringEffect=Shadow
FontEffectColor=0,0,0,180
AntiAlias=1

Hifadhi kwa jina Saa.ini, na kwenye Save as type chagua All files, la sivyo Notepad itakupa Saa.ini.txt na utaitafuta hadi uchoke. Encoding weka UTF-16 LE. Kwa maneno haya ya Kiswahili hutaona tofauti, lakini siku utakayotia alama ya nyuzi joto au neno la Kiarabu, faili isiyo UTF-16 inaweza kukuchorea takataka. Kisha bofya kulia aikoni ya tone la maji chini karibu na saa ya Windows, bonyeza Refresh all, ndipo folda mpya itatokea kwenye orodha ya skini. Hapo i-load.

Kivuli cha maandishi si urembo. Picha ya nyuma ikiwa ni kuta nyeupe za Mji wa Kale, herufi nyeupe bila kivuli hazisomeki.

Saa ikikuonyesha saba wakati ni saa nne, kosa si la skini. Laptopu za mtumba nyingi huja zikiwa na ukanda wa London, na mtu huisahihisha saa kwa mkono bila kugusa ukanda. Rainmeter inahesabu kutoka UTC, na UTC ya mashine hiyo sasa ni ya uongo: itazidi kwa saa tatu, au mbili London ikiwa kwenye saa za kiangazi. Nenda Date & time, weka ukanda wa Nairobi kwanza, halafu ndipo usawazishe saa. Ile DaylightSavingTime=0 nayo usiifute, kwa sababu ndiyo inayozuia saa moja ya ziada kwenye mashine iliyobaki na ukanda wa Ulaya.

Cha pili ni hesabu ya bando. Inatosha kipimo kimoja na maandishi yake, kwenye folda na faili yake ya .ini inayoanza na [Rainmeter] na Update=1000 kama ile ya saa:

[Bando]
Measure=NetTotal
Interface=Best
Cumulative=1

[OnyeshaBando]
Meter=String
MeasureName=Bando
AutoScale=1
NumOfDecimals=2
Text=Bando: %1B
FontColor=255,255,255,255
SolidColor=0,0,0,1
MiddleMouseUpAction=[!ResetStats]

Ukinunua bando jipya, bonyeza gurudumu la mausi juu ya maandishi, hesabu inaanza sifuri. Interface iache kwenye Best, kwani ikijumlisha viunganishi vyote vya mtandao, pamoja na vile vya bandia, matumizi yanaweza kuhesabiwa mara mbili. Ujue pia inahesabu kila kinachopita: faili ukiituma kwa printa ya waifai, nayo imo. Na simu za wengine walio kwenye hotspoti yako hazimo kabisa. Kwa hiyo ni makadirio ya mashine moja, si risiti.

SolidColor=0,0,0,1 inashangaza wengi. Rainmeter haihisi mausi pale ambapo hakuna kilichochorwa, hivyo bila weusi huo usioonekana itakubidi ulenge wino wa herufi yenyewe. Mstari huohuo ndio unaofanya milango, yaani maandishi ya kubofya yanayofungua folda, ifunguke vizuri. Nina mitatu, kila mmoja ni maandishi yenye LeftMouseUpAction=["D:\Kuprinti"], kisha D:\Pasipoti na D:\Fomu. Ikishakuwa hivyo, bofya kulia eneokazi, View, ondoa tiki kwenye Show desktop icons. Faili hazifutiki, zimefichwa tu. Lakini usiishie hapo: vivinjari navyo vielekeze vipakue kwenye D:\Kuprinti, kwa sababu ukiacha vipakue kwenye Desktop iliyofichwa umejenga stoo isiyo na taa.

Ukishaweka kila kitu mahali pake, kwenye menyu ya skini chini ya Settings ondoa Draggable, na kwenye Position chagua On desktop. Ukiacha Draggable, mteja mwenye haraka akibofya atauburuta mlango hadi kona. Click through usiiwashe kwenye milango, maana mbofyo utapita kama upepo. Ukiiwasha kwa bahati mbaya, shikilia Ctrl ndipo ubofye kulia uizime.

Skini za kupakua ndizo zilizonivunja moyo. Za hali ya hewa nyingi husoma ukurasa wa tovuti fulani, na tovuti ikibadilisha sura, skini inabaki na nafasi tupu au joto la mwaka juzi. Zile za mistari inayocheza na muziki hujisasisha mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kwa RAM 4 GB, na joto la Mombasa la Februari, feni haipumziki. Kabla ya kuikubali .rmskin yoyote, tazama orodha inayotokea: ikiwa imebeba plugin, hiyo ni programu kamili inayoingia kwenye mashine ya wateja, si picha.

Ukimaliza, fungua Manage, Layouts, uhifadhi mpangilio kwa jina. Siku projekta ikichomekwa na skini zikakimbilia skrini nyingine, Load inazirudisha. Kuhamia mashine ya pili ni kunakili C:\Rainmeter nzima kwenye flashi, kisha kurekebisha herufi ya D: kama diski yake ina jina lingine.