Mafuta ya karafuu, kichupa cha mililita 10

Kwa jino linalouma, nyota nne: harufu kali, rangi ya manjano hafifu, kidondoshi kisichovuja. Kwa kunywa ili "kusafisha ini na figo", sifuri. Eujenoli, kemikali kuu ya karafuu, ni takriban asilimia 70 hadi 90 ya mafuta haya, na kiwango kinachokubalika kwa siku ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anakifikia kwa matone matatu au manne tu! Dozi ikizidi sana, akiba ya glutathioni (kemikali ya mwili inayolinda seli dhidi ya sumu) kwenye ini huisha na seli hufa, kama ilivyo kwa parasetamoli, na figo huweza kufuata. Watoto wadogo wamewahi kuzimia kwa mililita 5 hadi 10. Kifuniko hakina kinga ya watoto, kasoro kubwa. Tone moja kwenye pamba, gusisha jino, tema mate.