Miezi 18 na mizani ya jikoni: uzoefu wangu wa kumpima kokatili kila asubuhi

Kokatili wangu wa kwanza (ni kasuku mdogo wa kufugwa mwenye kishungi) alikufa huku nikimwona mzima. Jioni alipiga mbinja zake kama kawaida, akadonoa chakula, akapanda kijiti cha juu kulala. Asubuhi nikamkuta chini ya tundu. Nilipomwinua ndipo vidole vyangu vikagusa mfupa wa kifua: umechongoka kama ukingo wa kisu, nyama ya pande zote mbili imekwisha. Mwili wa namna ile haukukonda usiku mmoja. Alikuwa akiisha kwa wiki kadhaa mbele ya macho yangu, na manyoya yakamfichia siri.

Ndiyo maana nina mizani ya jikoni ambayo haijawahi kupima unga.

Ni ile ya kawaida kabisa: bapa, uso wa kioo, inatumia betri, inasoma gramu moja moja hadi kilo tano. Sitaji chapa kwa sababu kilichonisaidia si chapa. Ukienda kununua, angalia jambo moja tu: isome gramu moja moja. Inayoruka kwa gramu tano tano mwachie mpishi. Kokatili mzima ana gramu 80 hadi 100 hivi, wengine huzidi kidogo, kwa hiyo gramu moja kwake ni kama robo tatu ya kilo kwa mtu wa kilo 65. Mizani ya gramu tano itakuamsha wakati mgonjwa keshazidiwa.

Tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa kokatili mvua hunyesha jua likiwaka. Huyu ni ndege wa Australia, wa kuruka kwa makundi katika nchi kavu na wazi, na kwenye kundi anayeonekana dhaifu ndiye mwewe humwanzia. Basi hujikaza. Anakula, au anajifanya anakula. Ukiingia chumbani anajinyoosha na kunyanyua kishungi. Ukitoka anarudi kujivimbisha manyoya na kufumba macho. (Jina lake linaishia na "katili", lakini ukatili wote anajifanyia mwenyewe.)

Siku ya kwanza ya kupima ilikuwa kichekesho. Kucha zake zilipogusa kile kioo aliteleza kama mtoto kwenye sakafu yenye sabuni, kishungi kikasimama wima, macho yakamtoka, akaruka hadi juu ya pazia. Halafu mizani yenyewe ikalia "tii" ya kuwaka na mambo yakaharibika zaidi. Nilipigilia kijiti juu ya kipande cha ubao, nikakiweka juu ya mizani, nikabonyeza kitufe cha sifuri ili uzito wa ubao usihesabiwe, kisha nikamngoja na punje mbili za alizeti. Kitundu cha sauti kilicho nyuma ya mizani nimekibandika utepe. Ilichukua kama wiki mbili. Sasa akiniona nimeshika ubao huja mwenyewe, kishungi kimelegea katikati, dalili kwamba hana wasiwasi. Ukiona kishungi kimelala bapa hadi kisogoni na anafoka kama nyoka, mwache, siku hiyo hapimwi mtu.

Saa ya kupima ni asubuhi, baada ya kile kinyesi kikubwa cha kwanza, kabla hajala. Usibadilishe. Ukimpima leo kabla ya kinyesi na kesho ameshiba, utajipa presha bure. Zima na feni, maana upepo unatosha kuchezesha namba.

Sasa niseme ilivyonifaa, nikianza na pale nilipoisoma kinyume.

Aliyeniuzia huyu wa pili aliapa ni dume, nikamwita Zumari. Mwezi wa tano wa kumpima, daftari langu linaonyesha 89, 90, 92, 95, 98. Nikajisemea huyu ananenepa, alizeti zimemzidi. Nikapunguza chakula. Wakati huohuo alikuwa akichana karatasi za sakafu ya tundu vipande vipande, akijipenyeza chini ya kabati na kumfokea kila anayepita, na nikimgusa mgongo anainama, anainua mkia na kulia kwa sauti nyembamba. Kinyesi kilikuwa kikubwa kuliko kawaida na kinanuka. Yote hayo niliyaona na nikayaita vituko. Asubuhi moja nikakuta yai kwenye kona ya tundu, jeupe, limekaa juu ya magazeti aliyoyachana. Siku ya pili yake mizani ikasoma 92.

Kwa hiyo Zumari ni jike, na mimi nilikuwa nimemnyima chakula mama anayetengeneza ganda la yai. Hilo kosa bado linaniuma. Ganda karibu lote ni madini ya kalsiamu, na akiipungukiwa anaichota kwenye mifupa yake. Daktari alinieleza cha kufanya: kalsiamu irudi haraka, karatasi za kuchana ziondoke, mgongo usiguswe, giza la usiku lidumu kwa muda wa saa 12, na mayai yasiondolewe, kwa sababu ukiyaondoa hutaga mengine kuziba pengo. Akanionya pia kuhusu yai kukwama. Jike aliyekaa sakafuni, manyoya yamemvimba, anajikamua, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, huyo anahesabiwa saa, si siku. Mizani haitakwambia hilo. Itakwambia ameongezeka, na wewe utachekelea kama nilivyochekelea mimi.

Tukio la pili ndilo lililolipa gharama zote. Mwezi wa 14, daftari: 92, 92, 91, 90, 90, 88, 87, 86, 85. Na kipindi hicho Zumari alikuwa anakula kutwa! Kila nikipita kichwa kimo ndani ya kikombe. Kama si namba zile ningemsifia hamu ya kula.

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya tundu na miwani yangu ya kusomea. Nilimwona akichukua punje, anaizungusha mdomoni kwa ulimi, anaibangua, anasaga, na nusu yake inadondoka tena. Kikombe kilionekana kimejaa. Nilipokipuliza, makapi yakapeperuka na chini zikabaki punje chache. Kisha nikachomoa karatasi ya sakafu. Kinyesi cha kokatili kina sehemu tatu: kile kigumu cha kijani au kahawia, ile nyeupe kama chokaa, na maji kidogo. Ndani ya ile ya kijani nikaona mbegu. Nzima, imeingia huku ikatokea kule bila kuguswa na tumbo.

Manyoya ya utosini nayo yalikuwa yamegandamana, yananata. Hapa wengi huchanganya mambo. Kokatili mwenye mapenzi hutapika kwa adabu: anatikisa kichwa juu chini, anamlenga mwenzake, au kioo, au kidole chako, na kuweka chakula pale kama zawadi. Anayeumwa hurusha kichwa huku na huko, matapishi yanaruka popote na kumrudia mwenyewe kichwani. Nilijua huyu wangu hampelekei mtu zawadi.

Nikamwambia mwenzangu wa nyumbani kwamba nakwenda kwa daktari wa ndege. Akauliza kwa utulivu kabisa kama injini au tairi. Lakini huyo daktari hakuniuliza "anakula?" kama nilivyotarajia. Aliuliza, "Wiki iliyopita alikuwa na gramu ngapi?" Nikampa daftari. Akapitisha kidole kwenye safu, akapiga hesabu, asilimia karibu nane imekwenda, akaomba kinyesi kibichi. Baadaye akaniita niangalie kwenye hadubini: vitu virefu vilivyonyooka, kama njiti za kiberiti zilizomwagwa. Ni fangasi wa tumbo, Macrorhabdus ornithogaster. Zamani waliwadhani ni bakteria kwa umbo lao, wakawaita "megabakteria". Hukaa pale tumbo la kwanza linapoungana na firigisi, mmeng'enyo ukavurugika, ndege akala huku anakufa njaa.

Dawa ilikuwa amfoterisini B, ya mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Aliichukia kwa moyo wote. Namba zilishuka hadi 83 kwanza, na asubuhi ile nilipima mara tatu nikidhani mizani inanidanganya. Kisha 84. 84. 86. Ilipofika 90 nilimpa alizeti nzima na nikamwomba radhi kwa zile nilizomnyima alipokuwa na mimba ya yai.

Kwa matumizi ya kila siku najiwekea hivi: akipungua gramu mbili au tatu na zisirudi kesho yake, nakaa mbele ya tundu na kuchunguza karatasi, akipoteza asilimia kumi sichunguzi, nakwenda. Mfugaji mwenye ndege wawili watatu apime kila mmoja na ukurasa wake, maana 85 ya mmoja ni afya na ya mwingine ni hatari.

Kuna mambo mizani haiyajui kabisa. Usiku mmoja Zumari alipigwa na ile hofu ya gizani inayowapata sana kokatili: kishindo, mbawa zikigonga nyaya, damu kwenye unyoya mpya uliovunjika. Asubuhi mizani ikasoma 91, kama vile hakuna kilichotokea. Kilichosaidia ni taa ndogo ya usiku. Wala mizani haitakutoa wasiwasi pale anaposaga mdomo "krr krr" akisinzia kwa mguu mmoja. Mimi nilifikiri koo limeziba; kumbe hiyo ni raha yake, ndivyo anavyolala. Ila mkia unaopiga kama pampu wakati ametulia si raha hata kidogo, hata namba ikiwa nzuri.

Kasoro za mizani yenyewe. Inajizima upesi mno. Ndege anayesitasita anakuta imelala, na ubao unatakiwa uhesabiwe upya. Kioo kinashika lile vumbi jeupe la manyoya yake, na lisipofutwa linaingia kwenye upenyo wa kitufe. Betri ikichoka haisemi, inaanza tu kusoma kombo, ndiyo maana nina sarafu moja ninayoipima kila Jumatatu kabla ya kumpima Zumari. Sarafu ikibadilika uzito, mgonjwa ni mizani. Na kitufe cha kubadilisha vipimo kimewekwa pembeni kabisa ya kile cha sifuri. Asubuhi moja nilimpandisha Zumari, nikasoma 3.2, miguu ikaniisha nguvu. Kumbe kidole kimeteleza na mizani imehamia kwenye wakia, kipimo cha gramu 28 hivi.

Naipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye kile kitufe.