Pawabenki ipi ununue, na ipi uiache kwenye rafu

Namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi si kiasi cha chaji kitakachoingia kwenye simu yako. Tuseme ni 10,000 mAh (miliampea-saa, yaani ampea-saa 10): zimepimwa kwenye seli za ndani, ambazo volti yake ni kama 3.7, ilhali tundu la USB linatoa volti 5 au zaidi. Fanya hesabu: ampea-saa 10 mara volti 3.7 ni wati-saa 37. Gawanya kwa 5, zinabaki 7,400 mAh. Saketi inayopandisha volti nayo inakula sehemu yake na kuigeuza joto, hivyo kinachotoka kweli ni kati ya 6,000 na 6,500. Betri ya simu nayo huhesabiwa kwenye volti iliyo chini ya 5, hivyo simu yenye betri ya 5,000 mAh utaijaza mara moja na kama nusu hivi. Anayekuahidi mara mbili kamili anakudanganya.

Mtengenezaji mwaminifu huandika mgongoni mwa kifaa, kwa herufi ndogo, wati-saa (Wh) na uwezo halisi kwenye volti 5. Soma hapo kwanza. Pasipo na maandishi hayo, usinunue hata kama ganda linapendeza.

Kisha pima kwa mkono. Pawabenki ya 10,000 ya kweli huwa na gramu 180 hadi 250. Ya 20,000 huwa na 330 hadi 450. Seli nzuri za lithiamu hubeba takriban wati-saa 250 kwa kila kilo. Kwa hiyo inayojiita 50,000 mAh, yaani Wh 185, ingehitaji karibu robo tatu ya kilo ya seli tupu kabla hata ya ganda. Ukiinyanyua ukaiona nyepesi kama simu, umeshapata jibu.

Nafasi ya kwanza ni ya 10,000 mAh yenye tundu la USB-C linaloingiza na kutoa umeme, kwa mfumo wa PD (Power Delivery, utaratibu wa USB wa kuchaji haraka) wa wati 20 hadi 30. Inakaa mfukoni, inamaliza siku nzima ya mtu wa kawaida, na yenyewe inajaa ndani ya saa tatu hivi. Hakikisha neno PD limeandikwa upande wa kuingiza pia. Zipo nyingi zinazotoa wati 20 lakini zinapokea 10 tu, na hilo unaligundua usiku unapotaka kuijaza haraka. Mwenye Samsung inayochaji kwa wati 25 atafute pia PPS (nyongeza ya PD inayorekebisha volti kidogo kidogo), maana bila hiyo simu itachaji, ila kwa kasi ya chini. Simu zenye mfumo wao wenyewe, kama SuperVOOC ya OPPO, hushuka kasi sana zikikutana na chaja isiyo ya kwao. Usilipie wati 65 kwa ajili ya simu ambayo itapokea sehemu ndogo tu ya hizo.

Ya pili ni 20,000 mAh yenye wati 45 hadi 65, na naiweka hapa kwa anayebeba laptopu tu. Ina Wh 74, zinazotoka ni kama 60: laptopu yenye betri ya Wh 55 utaijaza karibu mara moja ikiwa imezimwa. Angalia mambo mawili. Kwanza waya: wa kawaida wa USB-C unabeba ampea 3, yaani wati 60 kwenye volti 20, zaidi ya hapo unahitaji waya wa ampea 5 wenye chipu ndani. Pili, hizo wati 65 ni za tundu moja likitumika peke yake. Ukichomeka simu pembeni, mgao unabadilika, na mara nyingi matundu yote hukatika kwa sekunde moja wakati kifaa kinapanga upya. Kama una diski ya nje inayokula umeme hapo katikati ya kunakili faili, sekunde hiyo inatosha kuharibu kazi. Wanaotaka kuendeshea kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 5 wajue kwamba inataka ampea 5 kwenye volti 5, na pawabenki nyingi za PD zinaishia 3 kwenye volti hiyo.

Msafiri wa ndege asivuke Wh 100, sawa na kama 27,000 mAh. Kati ya 100 na 160 lazima shirika liridhie. Kwa vyovyote, iende kwenye begi la mkononi.

Ya tatu, zile nyembamba za sumaku za 5,000 mAh, zinazoshika mgongoni mwa simu na kuichaji bila waya. Zinafaa kama dharura. Kuchaji bila waya hupoteza umeme mwingi kama joto, na simu ikipata moto hupunguza kasi yenyewe. Usitegemee kufikisha simu asilimia mia.

Za matundu ya zamani tupu, USB-A na maikro-USB, zipo chini zaidi. Ya 20,000 inayopokea wati 10 itakaa kwenye umeme saa 9 au 10.

Mwisho kabisa, zenye paneli ya sola mgongoni. Kipaneli cha ukubwa wa kiganja hutoa wati moja au mbili jua likiwa kali. Kujaza Wh 37 kwa wati 1.5 ni karibu saa 25 za jua kamili, na wakati huo betri inaungua juani, ilhali seli za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikipita nyuzi 45 za Selsiasi.

Ukishanunua, ijaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha. Ijaze hadi taa zote ziwake, weka kipima-USB (kifaa kidogo kinachohesabu umeme unaopita) kati yake na simu, rudisha namba kwenye sifuri, kisha itumie hadi ikate. Kwa ya 10,000, Wh 30 na zaidi ni nzuri. Chini ya 26, irudishe. Ikijizima unapochaji saa janja au vifaa vidogo vya masikioni, si mbovu: inadhani hakuna kitu kwa sababu umeme unaotumika ni mdogo mno. Nyingi zina hali ya umeme mdogo, ambayo kawaida huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili.

Tunza boksi au piga picha namba ya modeli. Juni 2025 kampuni ya Anker iliwataka wanunuzi wa Marekani waache kutumia pawabenki zaidi ya milioni 1 za PowerCore 10000, modeli A1263, kwa hatari ya moto, na mwenye namba ndiye aliyeweza kuhakiki yake. Ikivimba, acha kuichaji siku hiyohiyo, usiitoboe, na usiitupe kwenye takataka za kawaida. Ipeleke panapopokelewa taka za kielektroniki.