Gravity (2013): macho yalishiba, hadithi ikakwama kwenye kamba

Niseme mapema, mimi si mtu wa kukaa na kalamu nikihesabu makosa ya filamu za kisayansi. Mtu akisafiri kurudi zamani, sawa, twende. Chombo kikipita kasi ya mwanga, sina neno. Kinachonikera ni filamu inayojinadi kuwa ya kweli, ikanifanya niamini kila nati na kila bolti, halafu tukifika kwenye fundo lenyewe inanidanganya mchana kweupe. Gravity ya Alfonso Cuarón imeniuma kuliko nyingine kwa sababu sehemu kubwa yake ni kazi safi mno. (Kama hujaiona, humu nafichua mambo.)

Kwa macho hakuna ubishi, zile Oscar 7 haikuziokota. Vipande vya setilaiti vinasambaratisha chombo na husikii mlio, maana huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Unachosikia ni mtikisiko unaompitia mwanaanga mikononi akiwa ameshika chuma. Nilifurahi kama mtoto. Hata kile kizima moto anachojisukumia Ryan Stone (Sandra Bullock) watu wanakicheka bure: gesi ikifyatuka mbele, wewe unarudi nyuma.

Shida inaanza na safari. Stone na mwanaanga mwenzake, Kowalski (George Clooney), wanatoka kwenye darubini ya anga ya Hubble kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa mtambo mdogo wa gesi uliobebwa mgongoni, utadhani ni nyumba ya jirani. Kimo si hoja kubwa. Hoja ni kwamba njia za darubini na kituo za kuizunguka Dunia zimeinama tofauti: ya Hubble digrii 28.5 kutoka ikweta, ya kituo digrii 51.6, na vyote vinakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kuhama kutoka njia moja hadi nyingine kunataka roketi ya maana. Mwaka 2009 chombo cha Atlantis kilipokwenda kuikarabati Hubble kwa mara ya mwisho, NASA, shirika la anga la Marekani, waliweka chombo kingine, Endeavour, tayari kwenye jukwaa la pili la kurushia, kwa sababu mambo yakiharibika wanaanga wasingeweza kukimbilia kituoni. Yaani chombo kizima kiliwekwa kikisubiri kwa ajili ya safari ambayo George Clooney anaimaliza huku akipiga soga!

Hilo nililimeza. Bila hiyo safari hakuna filamu.

Nililoshindwa kumeza ni kamba. Stone amenasa mguu kwenye nyuzi za parachuti ya Soyuz, chombo cha Kirusi kilichotia nanga kituoni, ameshika kamba, na upande wa pili yuko Kowalski, yaani Clooney. Nyuzi zimevutika, zimewasimamisha wote wawili. Hapo kazi imekwisha. Hakuna kinachomvuta tena Kowalski, kwa sababu yeye, Stone na kituo wanaanguka pamoja kuizunguka Dunia kwa mwendo mmoja. Mkupuo mdogo tu wa kamba angemfuata mwenzake polepole. Badala yake anavutwa na kitu kisichoonekana kana kwamba ananing'inia kwenye genge, anajifungua, anakwenda zake kufa. Muziki unapanda, mimi natakiwa nilie, na nimebaki namuuliza skrini: nani anamvuta?

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa ilikuwa rahisi. Wangewaacha wanazunguka kama jiwe kwenye kombeo, nyota zikionekana kupita nyuma yao, kamba ingekaza kwa haki kabisa na kifo kingekuwa kilekile.

Linganisha na The Martian ya 2015. Dhoruba inayomwacha sterling peke yake kwenye Mirihi haiwezekani: hewa ya huko haifiki hata asilimia 1 ya kanieneo ya hewa yetu, upepo wake mkali ungekupapasa tu. Andy Weir, mwandishi wa riwaya yake, amekiri kwamba alilijua hilo. Lakini uongo huo unalipwa mlangoni, na baada yake mtu anahangaika kupata maji na viazi kwa hesabu zinazoeleweka. Gravity inalipisha katikati ya msiba.

Picha na sauti, nyota 5. Hadithi, nyota 2. Itazame kwenye skrini kubwa kuliko zote utakazopata, taa zikiwa zimezimwa, na ikifika ile sehemu ya kamba nenda kachukue maji.